Jinsi ya Kujikinga na Jua Katubuka Bila Kumkera Mtu

Mwongozo huu ni wa mwenye ualbino anayehamia Katubuka, mjini Kigoma, au aliyezaliwa hapahapa na sasa ameambiwa aanze kujikinga na jua. Wengine hawauhitaji. Wao wanajua kila kitu tayari, na watakufundisha bure, barabarani, kwa sauti.

Anza na saa. Kipeperushi kitakwambia ukae ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kipeperushi hakikuandikwa Kigoma. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa za ukutani ni zilezile za Dar es Salaam. Jua linatufika utosini kwenye saa saba, dakika 40 hivi baada ya wenzetu wa huko. Saa kumi ya Katubuka, basi, bado ni mchana wenye meno. Ongeza saa nzima. Kisha tafuta kazi isiyohitaji mchana. Iko moja: kuvua dagaa ziwani, usiku wa giza, kwa taa. Inataka macho makali, na ualbino huja na uoni hafifu. Inayobaki ni kuwaanika hao dagaa mwaloni Kibirizi, juani. Mawingu yasikudanganye, mionzi inayochoma ngozi hupita kwenye wingu jepesi bila hodi.

Pili, kivuli. Kipo tele, ila kina wenyewe. Turubai ni la dagaa, mvua ikitishia. Mwembe ni wa wazee. Ukuta wa duka ni wa madumu ya mawese, na pikipiki ya bodaboda lazima iegeshwe kivulini kiti kisije kikamuunguza abiria. Kijana mwenye mikono yake miwili akisogea pale ni mvivu. Ukitaka kivuli cha heshima, kaa karibu na kitu chenye bei. Na kivuli kikihama usihame nacho: watu watadhani unapima kiwanja.

Tatu, vaa pama. Kapelo haifuniki masikio wala shingo, na saratani ya ngozi kwa mwenye ualbino hupenda kuanzia hukohuko, pamoja na midomo, uso na mgongo wa mkono. Mikono mirefu pia, kitambaa kizito. Utaulizwa ng'ombe uliokwenda kuwachunga wako wapi, cheka, endelea. Shuleni ndiko penye mtihani. Kofia si sehemu ya sare, na paredi ni kichwa wazi. Mwalimu mwema atamkalisha mtoto mbele, kando ya dirisha, apate mwanga wa kusomea. Dirisha ni la upande wa jua. Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871, kila mmoja na kofia yake kichwani, na mpaka leo hakuna aliyewauliza kwa nini. Wewe andaa jibu la kila siku.

Nne, losheni. Chukua yenye SPF 30 kwenda juu, paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza Kilisun, kinga ya jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, na huigawa bure. Kati ya Moshi na Katubuka iko nchi nzima, kwa hiyo ikikufikia, ifiche. Chupa ikionekana mezani imekuwa ya ukoo: shangazi atajaribu kidogo tu, binamu ana harusi Jumamosi. Ikikwisha, nenda dukani uombe losheni ya jua. Muuzaji atakuangalia, ataangalia rafu, atakuletea ya kung'arisha. Usimlaumu, rafu yote ni ya hiyo. Zile zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini, ndiyo maana ziko chini ya kaunta. Mteja aliyekutangulia kwenye foleni analipa ili apunguze melanini, kitu ambacho wewe ulizaliwa ukiwa nacho kidogo au huna kabisa, na ambacho kwake kilikuwa kinga ya bure. Atakutazama kwa huruma.

Kama hofu yako ni watu, si jua, ulizia Kabanga, wilayani Kasulu. Shule ya pale iliwapokea watoto wenye ualbino baada ya wimbi la mauaji ya wenye ualbino lililoanza kuvuma mwaka 2007. Ukuta ulisaidia kuzuia panga. Saa saba mchana hupita juu ya ukuta.

Ndugu zako weusi watakuhakikishia kuwa saratani ya ngozi ni mambo yako na Wazungu. Usibishane. Melanoma, aina mojawapo ya saratani hiyo, kwa mtu mweusi hupenda unyayo na chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina habari. Ya Bob Marley ilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Waombe watazame nyayo zao. Watatazama zako.

Mwisho, jikague kila mwezi, na mtu akutazamie mgongo. Unatafuta gamba gumu lisilobanduka, au kidonda ambacho wiki nne zimepita hakijafunga: kinatoa damu, kinakauka, kinatoa tena. Gamba likiwa bado dogo hugandishwa kwa naitrojeni baridi, dakika chache, unarudi nyumbani kwa miguu. Hutafanya hivyo. Utapasua kapsuli ya rangi mbili, unyunyizie unga. Jirani ataleta majani, mwingine GV, na kidonda kitakuwa cha zambarau, cha kupendeza kabisa. Kisha atatokea anayejua kwamba hicho ni kidonda ndugu, hakitaki sindano.

Siku utakayojikaza kwenda zahanati, utaulizwa kama kinauma. Sema ukweli, hakiumi. Kikiwa kichanga mara nyingi hakiumi. Utaambiwa urudi kikianza kuuma. Rudi. Safari hii utapewa karatasi ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kutoka stesheni ya Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Beba pama, treni ina madirisha. Ukifika utaulizwa kwanza mbona umechelewa, na atakayeuliza atakuwa na haraka, kwa hiyo usianze kusimulia habari za pikipiki na mwembe.