Bingwa wa Mipaka Apanda Jukwaani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, mabibi na mabwana, na wewe mzee wangu uliyeketi kule nyuma na kitabu mapajani: habari za jioni. Kadi ya mwaliko inasema nitazungumzia jiografia na wakazi wa Bourg-Madame, mji mdogo wa Ufaransa unaopakana na Uhispania. Jina la mji limeandikwa kwa herufi kubwa. Langu limeandikwa kwa herufi ndogo, tena karibu na namba ya simu ya ukumbi. Kwa hiyo nitaanza na langu.

Mimi ndiye Bingwa wa Mipaka. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote, maana hakijatokea chuo chenye hadhi ya kunipa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nami, ndugu zangu, huu mwaka wa ishirini sijaacha kuvuma. Mkoba huu ni wa ngozi halisi. Umevuka mipaka kumi na mmoja, na mmojawapo uliuvuka peke yake, mimi nikiwa bado uwanja wa ndege. Koti hili nililishonesha mahsusi kwa safari ya Bourg-Madame, kwani nilisoma kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na haipendezi bingwa kutetemeka mbele ya raia. Mhazini wetu anaijua bei ya koti. Tangu nirudi hana salamu nyingine.

Sasa jiografia. Milima ya Pirenei imelala kati ya Ufaransa na Uhispania kama ua wa makuti kati ya majirani wasioaminiana. Kanuni yangu, ambayo imekwisha kuchapishwa (nyuma ya kadi yangu ya biashara), inasema hivi: mpaka hukaa mgongoni mwa mlima, na kila nchi hunywa maji yanayoteremkia kwake. Basi mto Segre, unaopita Bourg-Madame, humwaga maji yake Ufaransa. Naona mkono kule nyuma. Haya, mzee.

Ahaa. Unasema Segre huanzia Ufaransa, hupita Bourg-Madame, kisha huingia Uhispania na kwenda zake kuungana na Ebro. Unasema uwanda wote wa Cerdagne unateremkia Uhispania, na mpaka hapa haukuchorwa na mlima wala na mvua bali na watu waliokaa mezani na wino. Nashukuru. Mto huo unakiuka kanuni, nami nitauchukulia hatua.

Ila hiyo meza umeitaja kabla yangu, na nilikuwa nimeiweka akiba. Tarehe 7 Novemba 1659 Ufaransa na Uhispania zilitia saini Mkataba wa Pirenei. Mwaka uliofuata wajumbe wakakutana Llívia, mwendo mfupi tu kutoka Bourg-Madame, kugawana. Ufaransa ikapewa vijiji 33 vya Cerdagne. Llívia yenyewe ilikuwa katikati ya vijiji hivyo, lakini Wahispania wakasema: tulikubaliana vijiji, na hiki si kijiji, ni mji, na hadhi hiyo uliipata kwa mfalme. Hoja ikapita. Mpaka leo Llívia ni kipande cha Uhispania, kilomita za mraba kama 13, kilichozungukwa na Ufaransa pande zote kama kisiwa kisicho na bahari.

Niliposoma habari hii nilitokwa na machozi. Watu hunicheka kwa kushikilia cheo, kumbe cheo kinaweza kuzuia ufalme mzima mlangoni! Mwaka juzi, harusini, mshereheshaji alinitambulisha kama "mwalimu wetu". Nikasimama. Nikasema sili mpaka kauli irekebishwe. Wazee wakanisihi, bibi harusi akanisihi, mshereheshaji akaenda kutafuta betri za kipaza sauti. Kauli ilirekebishwa saa tano na nusu usiku. Pilau ilikuwa imekwisha, lakini niliondoka nikiwa Llívia, si kijiji.

Nilifika kwa ile treni ya manjano inayopanda kutoka Villefranche-de-Conflent. Njiani inapita stesheni ya Bolquère-Eyne, mita 1,593, ambayo hakuna ya kuizidi kwa urefu kutoka baharini katika reli ya taifa ya Ufaransa. Sikuiona, nilikuwa nimesinzia, lakini masikio yaliniziba kwa namna ya kitaalamu. Niliposhuka Bourg-Madame nikatazama huku na huku: barabara, maduka mawili matatu, mbwa amelala. Mtu wa kawaida angesema amefika. Mimi nikatambua papo hapo kwamba hicho ni kitongoji tu, na mji wenyewe uko mbele. Nikaburuta sanduku, nikavuka kidaraja juu ya kijito kiitwacho Rahur, nikapanda kilima, na kweli, mji ukajitokeza! Hakuna aliyeniomba pasipoti. Nadhani sura yangu imeanza kujulikana.

Mji ule una ziwa zuri la kutembelea jioni. Una mnara mrefu wa kengele uliosimama peke yake uwanjani, hauna kanisa, na hapo nikagundua jambo ambalo vitabu havikulisema: Wafaransa hujenga mnara kwanza, kanisa baadaye, fedha zikipatikana. Kifaransa changu kilipokelewa vizuri sana. Kila niliposema "bonjour" nilijibiwa "bon dia", na nikaandika daftarini kuwa lafudhi ya milimani hula silabi za mwisho.

Jina Bourg-Madame maana yake ni mji wa Bibi. Bibi huyo nimemwona kwa macho yangu. Ndiye mwenye nyumba ya wageni niliyolala, mama mcheshi mwenye mkono mkubwa wa kupakua supu. Nilimuuliza kwa Kifaransa kama mji wote ni wake, akacheka mpaka akashika ukuta. Matajiri wa kweli hawatangazi mali. Mzee, usinong'one na jirani, sema wote tufaidike.

Mwaka 1815. Zamani pakiitwa La Guingueta, yaani, kwa lugha ya adabu, kilabuni. Pakabadilishwa jina kumuenzi Marie-Thérèse, binti wa Mfalme Louis wa 16 na Marie-Antoinette, ambaye cheo chake kilikuwa Madame. Basi niseme tu kwamba kwa umri huo amejitunza vizuri mno.

Tuje kwa wakazi. Bingwa hategemei takwimu za watu wengine. Niliketi barazani pa mkahawa, nikaanza kuhesabu kwa kidole, nikafika arobaini na saba, kahawa ikaletwa. Hesabu iliyobaki niliikamilisha kwa kipeperushi cha mapokezi: wakazi zaidi ya 9,000. Mzee amesimama kabisa sasa. Anasema sensa ya Ufaransa inaipa Bourg-Madame watu wapatao 1,200. Mzee wangu, nakuheshimu kwa mvi zako, lakini tumia akili. Barabara ya taifa namba 20 ilikuwa ikitoka Paris, ikikata nchi nzima, na kukomea Bourg-Madame. Barabara yenye heshima zake itatoka Paris kwenda kuwaamkia watu 1,200?

Kuna pia habari za Februari 1939, jeshi la Jamhuri ya Uhispania lilipokuwa limeshindwa vita, na askari wa Divisheni ya 26 wakavuka kuingia Ufaransa hapo Bourg-Madame, katika baridi, wakaweka silaha chini. Mipakani kote kwenye Pirenei walivuka karibu nusu milioni, raia na askari, katika majuma machache, na wengi waliishia kambini, nyuma ya seng'enge. Nilikuwa nimewaandalia ukurasa mzima. Lakini muda hauruhusu, na bado sijawaeleza habari ya vifungo vya koti.

Vifungo hivi... Mzee anataka kukiona kipeperushi. Hakuna siri. Mhazini, fungua mkoba umpe. Si hizo, hizo ni risiti. Hicho. Soma, mzee, kwa sauti, ukumbi usikie.

Puigcerdà. Ndiyo, ni jina la mtaa.

Si jina la mtaa.

Naona. Ni mji wa Uhispania, ng'ambo ya kijito. Ziwa ni la Puigcerdà. Mnara ni wa kanisa la Santa Maria la Puigcerdà, na kanisa halisubiri fedha, lilibomolewa mwaka 1936. Wakazi zaidi ya 9,000 ni wa huko huko. "Bon dia" ni Kikatalani, silabi zake zote zimo. Na pasipoti haziombwi tangu Machi 1995, makubaliano ya Schengen yalipoanza kufanya kazi, wala si kwa sababu ya sura yangu. Hilo la mwisho, mzee, ungeweza kuniachia.

Tulieni. Tulieni, tafadhali. Mwenyekiti, gonga meza. Wanaocheka ni wale wasioijua sayansi ya mipaka. Kama Llívia inaweza kuwa Uhispania ikiwa ndani ya Ufaransa, ni sheria gani inayonizuia mimi kuwa Ufaransa nikiwa ndani ya Uhispania? Na tuulize, hao watoto wa Bourg-Madame huzaliwa wapi? Mzee mwenyewe anaitikia kwa kichwa, tena imo kitabuni mwake: tangu 2014 iko hospitali moja ya pamoja inayohudumia Wafaransa na Wahispania wa bonde lile, nayo imejengwa Puigcerdà. Mama wa Bourg-Madame anavuka mpaka na uchungu wake, anarudi na Mfaransa. Basi mimi nilikwenda kufanya utafiti kwenye chanzo! Nilikuwa nikiwahesabu watu wa Bourg-Madame kabla hawajafika nyumbani.

Makofi yangekuwa mahali pake hapa.

Mhazini ana swali. Mhazini huwa hana maswali, ana hesabu. Anasema nilichukua posho ya siku sita, ya kiwango cha Ufaransa, na risiti zote alizonazo mkononi ni za Uhispania. Anaomba kujua, kwa kumbukumbu za chama, nilikaa Ufaransa kwa muda gani kwa jumla.

Ni swali la kijiografia, na nitalijibu kama bingwa. Kutoka stesheni hadi darajani, sanduku likiwa na gurudumu moja bovu, ni kama robo saa. Siku ya kuondoka, kutoka darajani hadi stesheni, robo saa nyingine. Hiyo ni nusu saa kamili. Kisha nilisimama kufunga kamba ya kiatu, upande wa Ufaransa, nina hakika, kwa maana yule mbwa alikuwa ananitazama. Andika dakika thelathini na tano.