Hifadhi Isiyo na Dirisha

Mtu aliyezoea Mikumi huamini kwamba mnyama ni wa kutazamwa dirishani. Unakaa, unafungua soda, dereva anasimama, twiga anajileta mwenyewe. Ukichoka unapandisha kioo. Kwa imani hiyo hiyo sisi na ukoo wetu tulifika Milima ya Udzungwa, na pale lango la Mang'ula shemeji yangu, ambaye ndiye aliyekodi gari, akamuuliza askari wa hifadhi barabara ya kuingilia porini iko upande gani.

"Hakuna, kaka."

"Hakuna ya lami?"

"Hakuna barabara. Kuna miguu."

Kumbe hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na zote zinakungoja utembee. Shemeji aliutazama mlima, akavitazama viatu vyake vilivyochongoka mbele, kisha akalitazama gari kwa macho ya mtu anayeagana na mchumba stesheni.

Njia ya maporomoko ya Sanje inaanzia kijijini Sanje. Watoto wa pale walitusindikiza kwa shangwe hadi mpaka wa msitu, wakasimama wakicheka. Sikuelewa kicheko kile hadi nilipoanza kupanda kwa mikono.

Shangazi alikuwa ametangaza mapema kwamba atatembea nyuma kabisa, taratibu, kwa sababu ya goti. Hatukupinga, goti la Shangazi lina historia ndefu na lina watetezi wengi. Lakini akaiona bunduki ya Afande, askari aliyetuongoza.

"Hiyo ya nini, mwanangu?"

"Tembo na nyati, Mama."

"Wanapita huku?"

"Huku ndiko kwao."

Tangu hapo Shangazi alikuwa mbele, hatua moja nyuma ya bunduki, na sisi wenye magoti mazima tukawa tunamwomba apunguze mwendo. Kuhusu tembo, Afande hakututania. Katikati ya mwinuko ambao mimi niliupanda nimeshika mizizi, tulikuta kinyesi chake, kikubwa, kimetulia, cha mnyama ambaye hakuwa na haraka. Tani kadhaa zilipita pale bila kushika chochote.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba utaratibu wa utalii umegeuzwa. Juu ya mti kulikuwa na mbega wekundu wa Iringa, aina ambayo nje ya milima hii na misitu ya bonde lililo chini yake huipati popote duniani. Walikuwa wamekaa tawini familia nzima, watu wazima kwa watoto, wanatuangalia. Mama mmoja alimgeuza mwanawe atuone vizuri. Sisi huku chini tunahema, wao kule juu wanatafuna majani na kuchungulia. Kisha shemeji akajipangusa shingo, akanyoosha kiganja.

"Naona manyunyu yameanza."

Anga ilikuwa bluu tupu. Dada akamtazama Afande, Afande akatazama miti. Kuna mambo ambayo askari hakufundishwa kuyatolea taarifa.

Ili kubadili mazungumzo, akatusimulia habari za ngolaga. Mwaka 1979 wanasayansi wawili walikuwa katika misitu hii wakasikia mlio wa nyani wasiomjua. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia huyo ni ngolaga. Sayansi ikampokea kama mgeni, na sasa anajulikana duniani kwa jina la Sanje.

Shangazi alisimama. "Yaani waligundua mnyama ambaye kijiji kizima kinamjua?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi haya maporomoko mimi ndiye ninayeyagundua leo. Mkaandike."

Kabla ya ugunduzi huo kulikuwa na picha. Tulifika mahali miti inapoachia, bonde la Kilombero likawa chini yetu lote, na mashamba ya miwa yamenyooka hadi macho yanachoka. Dada akasema tupige ya ukoo. Afande akapokea simu, tukajipanga: warefu nyuma, Shangazi katikati, shemeji kwenye kichuguu kidogo ili aonekane mrefu. Siafu hawana papara. Wanapanda kimya, mmoja mmoja, kila mtu anachukua nafasi yake, na nina hakika kuna anayetoa ishara. Afande alikuwa anahesabu "moja, mbili" shemeji aliporuka. Dada alidhani ni furaha ya mandhari, akapiga vigelegele. Shemeji akaanza kufungua mkanda, na papo hapo akakumbuka kwamba shangazi wa mkewe yuko mbele yake. Akaufunga. Siafu hawakuujali ukwe, akaufungua tena. Aliufunga na kuufungua hadi heshima ikashindwa, akatokomea kichakani na suruali magotini. Mbega wote wakahamia upande ule. Afande, kwa bahati mbaya au kwa kipaji, alikuwa amebonyeza video.

Maporomoko yenyewe ni ya kweli. Maji yanaanguka mita 170, unayasikia kifuani kabla hujayaona, na mvuke wake unakulowesha ukiwa bado unatafuta pa kusimama. Tuliyatazama muda mrefu, tumenyamaza, jambo ambalo katika ukoo wetu hata msibani halijawahi kutokea.

Ukimya ule uliwafaa nyani. Tulipogeuka, kikapu chetu cha chakula kilikuwa juu ya jiwe la ng'ambo na dume moja limekalia chapati zetu. Lilikuwa linamenya yai, polepole, linadondosha maganda pembeni.

"Afande, fanya kitu!"

"Bunduki ni ya tembo na nyati, Mama."

Akakaa, akatoa mihogo ya kuchemsha mfukoni mwa shati, akatugawia vipande vidogo vidogo.

"Hiyo nyani hawaipendi?" aliuliza shemeji.

"Wanaipenda sana," alisema Afande, akaanza kufunga vifungo vya mfuko.