Namna ya Kuwa Mjuzi wa Chokoleti Kati ya Kencom na Karen

Kwanza kabisa, ukane utoto wako. Kama ulisoma shule ya bweni, ulibeba ndani ya sanduku la bati mkebe wa chokoleti ya kunywa, na usiku taa zikishazimwa ulichovya kijiko kikavu ukaulamba unga wenyewe mpaka ukagandamana kwenye kaakaa na kukupalia. Hayo hukuyafanya. Mjuzi wa chokoleti haijui chokoleti ya kunywa. Yeye huvunja kipande kidogo, akakiweka juu ya ulimi, akafumba macho na kunyamaza hadi wenziwe waanze kuwa na wasiwasi.

Kisha angalia unanunua wapi. Usinunue katikati ya jiji la Nairobi, pande za Kencom. Kule Tom Mboya na Moi Avenue wachuuzi huipanga juu ya gunia, jicho moja kwa mteja na jingine kwa askari wa kanjo, na bei hushuka kila unapopiga hatua ya kuondoka. Chokoleti inayoshuka bei ukiipa mgongo haina heshima. Panda matatu uelekee magharibi, upite Westlands au Ngong Road, Lavington, mpaka Karen. Ukianza kuona nyua za michongoma iliyokatwa sawasawa na mlinzi anayekuuliza unaenda kwa nani, jua umekaribia. Dukani utaikuta imefungwa kwa karatasi nyeusi isiyo na picha, imeandikwa asilimia. Asilimia hiyo ni kakao yote kwa jumla, siagi yake ikiwemo; katika ile ya sabini, kinachobaki karibu chote ni sukari. Usimwambie mtu. Wewe uliza tu kwa sauti, "Hamna ya themanini na tano?" Muuzaji atajibu, "Imeisha, madam, lakini kuna ya sabini." Shusha pumzi, kubali kwa shingo upande, lipa.

Viungo visome kwa siri, nyuma ya rafu. Ukikuta mawese au mafuta mengine ya mimea pahali pa siagi ya kakao, hiyo ni chokoleti ya kuigiza. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana hulainika mara tu ikiingia kinywani. Ya kuigiza mara nyingi huacha utando kwenye meno. Wala wajanja wa River Road hawakuwa wa kwanza kughushi. Huko Meksiko mbegu za kakao zilikuwa pesa. Orodha ya bei ya Tlaxcala ya mwaka 1545 inaonyesha bata mzinga jike kwa mbegu 100 na nyanya kubwa kwa mbegu 1. Basi wakatokea watu wa kutoa kiini, kujaza udongo na kuziba ganda vizuri.

Mjuzi hana budi kuwa na historia, lakini ianzie panapofaa. Anza Uswisi, 1875, Daniel Peter alipofaulu kuichanganya chokoleti na maziwa. Ukibanwa, rudi hadi Bristol, 1847, kampuni ya Fry ilipotia siagi ya kakao iliyoyeyushwa ndani ya unga na sukari, ikamimina kwenye kalibu, ikapata kitu cha kutafuna. Ukibanwa zaidi, taja 1828 na shinikizo la van Houten kule Uholanzi, lililokamua mafuta na kuuacha unga peke yake. Simama hapo. Usirudi nyuma hata kwa hongo, maana huko nyuma kuna aibu: kwa maelfu ya miaka chokoleti ilikuwa kinywaji. Mabaki ya kakao yaliyopatikana kusini mashariki mwa Ekuado yana zaidi ya miaka 5,000. Wamaya waliisaga wakaichanganya na maji, pengine na pilipili au mahindi, na kipo chombo chao cha karne ya 7 au ya 8 chenye picha ya mwanamke aliyesimama akimimina kutoka chombo cha juu hadi cha chini ili litoke povu. Povu ndilo lililopiganiwa.

Sasa ingia kibanda chochote Kawangware saa kumi na mbili asubuhi, useme, "Mama, nipe chokoleti." Atatia vijiko viwili vya unga kikombeni, maziwa ya moto kidogo kwanza, akoroge mpaka madonge yaishe. Kisha atauinua mkono hadi usawa wa bega, amimine kwenye jagi, arudishe kikombeni, amimine tena, bila tone kuanguka, huku akibishana na mtu wa bodaboda juu ya deni la mandazi. Povu linapanda lenyewe. Kweli, unga wake una sukari nyingi kuliko kakao, na Moctezuma, mfalme wa Waazteki, angeutema. Lakini kwa hesabu ya miaka mama huyu ndiye mwenye mila, na wewe na kipande chako mmekuja juzi na Fry. Ndiyo maana nakuambia usipite 1828.

Ukiulizwa inatoka wapi, jibu ni Ubelgiji. Usitaje Bundibugyo nyuma ya Rwenzori, wala Kyela, wala Beni kule Kivu Kaskazini, ambako mti wenyewe hukua. Shehena za kakao ya Uganda hupita Kenya zikielekea bandari ya Mombasa, na malori ya njia hiyo hukatiza Southern Bypass, kando kabisa ya Karen. Huenda kakao ikapita nyuma ya ua lako gizani ndani ya gunia, ivuke bahari, kisha ikurudie ndani ya karatasi nyeusi. Hata kiwanda tulikuwa nacho: Cadbury ilikuwa Nairobi hapa hapa, hadi wenye kampuni, Mondelez, walipotangaza mwaka 2014 kwamba wanakifunga, bidhaa zikawa za kuagizwa. Waliopoteza kazi walikuwa na maoni yao. Mjuzi hana shida, kwake kitu cha meli hakihitaji utetezi.

Bei nayo usiilalamikie. Mwishoni mwa 2024 tani ya kakao ilipita dola 12,000, baada ya mavuno mabaya Ghana na Kodivaa, basi ukiona kipande kimekonda ndani ya karatasi ile ile, kisifu kwa wembamba wake.

Limebaki suala la kuihifadhi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi ya Julai kabati la jikoni linatosha kabisa. Friji huitia harufu ya vitunguu, na ukiitoa ghafla unyevunyevu huiparuza ikawa nyeupe. Hata hivyo iweke kwenye friji, mlangoni, usawa wa macho. Kabati halina taa inayowaka mgeni akifungua.