Andazi la Afya

Wanaolalamika kwamba andazi limepungua hawana shukrani. Bei haijapanda hata shilingi! Mwenye kibanda ameilinda kama bawabu wa benki. Kilichoondoka ni andazi lenyewe, tena kwa adabu, kidogo kidogo, bila kumsumbua mteja. Siku hizi ukiliinua machoni unasoma bango la ng'ambo ya barabara. Na si tumeambiwa unene ni hatari kwa moyo?

Mafuta ya kupikia nayo tunapimiwa ya kukaangia kitunguu kimoja. Daktari angetaka nini zaidi? Maharage yameongezwa maji, yaani mchuzi tunapewa bure, na bado kuna watu wenye midomo.

Serikali nayo msiisingizie. Nchini Kenya, Julai 2022, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilishushwa bei kwa ruzuku hadi shilingi 100. Agosti 9 watu wakapiga kura. Muda si mrefu ruzuku ikakoma, maana mgonjwa alishapona. Kwa hiyo dawa ipo, na imejaribiwa. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Mwenye njaa avute subira.