Kisiwa cha Merti

Pongezi zitolewe panapostahili. Wenzetu wa Unguja huwatoza watalii dola kuwazungusha kisiwani kwa pikipiki, ilhali kisiwa chao ni kilekile mwaka mzima. Ubunifu uko wapi? Merti, huku kwetu Isiolo, hupata kisiwa kipya kila mto Ewaso Ng'iro unapovunja kingo, na ramani yake huijui hadi maji yashuke. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño ziliwaletea watu pwani bila nauli ya basi la Mombasa.

Ziara yenyewe ina hadhi. Kutoka mjini Isiolo ni kama kilomita 200, na wakubwa wetu, kwa kupenda mazingira, hawakutaka kuichafua njia yote kwa lami. Lami ingemharibia mgeni safari: angefika mapema. Sasa kijana wa bodaboda anamwonyesha vivutio kwa utulivu: hapa lori limezama hadi ekseli, pale mgonjwa anangoja maji yapungue, na lile kalavati lililosimama peke yake ni mnara wa ukumbusho wa bajeti. "Shuka kidogo mzee, tusukume," anasema kwa adabu, nawe unakisukuma ulichokilipia. Feri ya Likoni haina heshima hiyo.

Halafu wapo wanaouliza mji wa mapumziko ulioahidiwa Isiolo katika Ruwaza ya 2030 uko wapi. Mtu asiyeweza kwenda popote anafanya nini kama si kupumzika?

Masika huanza Machi. Karibuni. Mwenye mjamzito nyumbani amtangulize Isiolo Februari.