Risiti Zote Ziitwe

Ofisi moja hapa mjini, katika komuni ya Makiso, ina programu yenye adabu ya kupigiwa mfano. Mama akiomba kuona malipo yake ya mwisho, haikurupuki. Huziamsha kwanza risiti zote za wateja wote, tangu ile ya kwanza kabisa, huzipanga kwa tarehe, kisha humwonyesha mama moja tu, ya jana. Jenereta inanguruma, kiduara kinazunguka kwenye skrini, na karani anabembeleza: "Subiri kidogo, mama, mashine inafikiri."

Wapo vijana wa haraka wanaonong'ona eti ingetosha kuweka faharasa ya namba ya mteja pamoja na tarehe, kisha kuomba rekodi moja kuanzia iliyo mpya. Kanzidata ingeenda moja kwa moja mahali pake na kusimama hapo. Ubaguzi ulioje! Risiti za miaka iliyopita zimekosa nini hata zisiitwe?

Mvuvi wa Kiwagenia hutega penye maporomoko, anapojua samaki watapita. Angesomea kompyuta, angeukokota mto mzima kuanzia Kinshasa. Na mwendesha toleka, teksi yetu ya baiskeli, angemzungusha abiria komuni zote 6 za mji, hata Lubunga ng'ambo ya mto, ndipo amshushe kwa jirani.

Heri jedwali la risiti linanenepa kila siku, na heshima inazidi. Fundi wa ofisi amekwisha kutoa ushauri wake wa kitaalamu: inunuliwe kompyuta kubwa zaidi, na jenereta ya kuilisha.