Rangi Imekaa?

Fundi wangu wa bodi ana jibu moja kwa kila swali. Mwulize mbona usukani unavuta kushoto, atakwambia, "Bosi, tazama kwanza rangi ilivyokaa." Mlango wa nyuma haufungi mpaka uupige goti? Rangi, bosi, kiwandani hawapulizi hivi.

Na kweli imekaa. Majirani wanalizunguka gari, "limerudi jipya!", na wanaomba namba ya fundi. Hakuna aliyeinama kutazama chini. Daladala iliponigonga Buguruni, vyuma viwili vya mbele vya chesi, vile vilivyoundwa vijikunje ili mimi nisijikunje, vilipinda. Fundi akavichoma kwa gesi mpaka vikawa vyekundu, akavivuta kwa mnyororo aliofunga kwenye mwembe. Chuma kigumu cha magari ya siku hizi kikipikwa hivyo hulegea, lakini mwembe hauna kipimo cha hayo.

Nikapitisha sumaku ya friji mlangoni. Ikadondoka. Puti ni nene kuliko lipu ya sebule yangu. Nyuma ya bampa, lililoshikiliwa kwa waya, nikakuta hewa tupu.

"Hapa si palikuwa na chuma?"

"Kile kizito bure, bosi. Kinakula mafuta."

Tukaja kwenye eabegi. Ukiwasha gari, taa yake inatakiwa iwake kidogo kisha izime, ndiyo dalili kwamba mfumo umejikagua. Yangu haiwaki kabisa. Fundi akatabasamu kama mtu anayesubiri shukrani.

"Nilikutolea balbu. Ilikuwa inakusumbua macho."

Na usukani je, ule uliopasuka eabegi ilipofumuka? Umevishwa kifuniko kizuri sana. Ndani hamna kitu.

Nikaona nimtishe kwa kisa cha kweli. Nikamweleza kwamba Dallas, Marekani, gereji moja ilibadilisha paa la Honda Fit, na badala ya kulichomelea ikalibandika kwa gundi. Mwaka 2013 gari hilo likapata ajali, likawaka moto, mke na mume waliokuwemo wakaumia vibaya. Mwaka 2017 mahakama ikaibebesha gereji fidia ya dola milioni 31.5.

Fundi akazima kompresa. Akavua barakoa, akakaa juu ya tairi, akatikisa kichwa muda mrefu.

"Milioni thelathini na moja za dola?"

"Na nusu."

"Halafu paa zima likashika bila kuchomelewa?" Akasogea karibu. "Hiyo gundi inaitwaje, bosi?"